Kinachochelewesha nishati mpya si mitambo

Mwaka 1967 Uingereza ilianza kazi ambayo serikali nyingi za leo zingeikimbia: kumfuata kila mteja wa gesi mlangoni kwake na kubadilisha jiko, hita na kila kifaa kingine kinachowaka ndani ya nyumba. Hadi wakati huo gesi ya mijini ilikuwa ikitengenezwa viwandani kutokana na makaa ya mawe na mafuta. Karibu nusu yake ilikuwa haidrojeni. Iliyobaki ilikuwa methani, kaboni monoksidi yenye sumu na gesi nyingine kidogo kidogo. Miaka miwili kabla, wachimbaji walikuwa wamegundua gesi asilia chini ya Bahari ya Kaskazini. Ilikuwa nyingi, haikuwa na sumu ile, na kila mita ya ujazo ilibeba nishati karibu maradufu ya gesi ya zamani. Ilikuwa na kasoro moja tu: majiko yaliyokuwa majumbani hayakuweza kuichoma kwa usalama.

Shida ilikuwa kwenye mwali. Mita moja ya ujazo ya methani huhitaji karibu mita 10 za hewa ili iungue yote. Gesi ya zamani ilihitaji chini ya nusu ya hapo. Mwali wa haidrojeni hukimbia, wa methani hutambaa. Ukipitisha gesi asilia kwenye tundu lililotobolewa kwa ajili ya gesi ya zamani, ama mwali unakuwa mrefu na wa njano, unapaka sufuria masizi na kutoa kaboni monoksidi kwa kukosa hewa, ama unajinyanyua juu ya kichomeo na kuzimika huku gesi ikiendelea kutoka. Kwa hiyo kila kifaa kilihitaji nozeli yenye tundu dogo zaidi na presha ya juu zaidi, na mara nyingi kichomeo kizima kipya chenye matundu yaliyopangwa ili kuushikilia mwali usiruke.

Kazi ilikwenda mtaa kwa mtaa. Kwanza walipita wakaguzi kuandika aina ya kila kifaa, kwa kuwa vipuri vya jiko la miaka ya 1930 havikuingia kwenye jiko la 1960. Vipuri vikaagizwa. Siku ya zamu ilipofika, vali zilifungwa ili kuutenga mtaa na mtandao uliobaki, gesi ya zamani ikatolewa kwenye mabomba, mpya ikaingizwa, na mafundi wakaingia nyumba hadi nyumba. Kazi hiyo ilimalizika 1977, baada ya miaka 10, wateja wapatao milioni 13 na vifaa karibu milioni 40.

Kisima cha baharini kilikuwa na wahandisi wake na bajeti yake, na kilichimbwa. Muda mrefu ulikwenda kwenye nozeli. Ndivyo inavyokuwa karibu kila mara mfumo mkubwa wa nishati unapohama: mtambo mpya hupatikana mapema kuliko inavyodhaniwa, kisha miaka inaliwa na maungio, yaani pale kitu kipya kinapokutana na waya, bomba, kipimo, kanuni na mazoea yaliyojengwa kwa ajili ya cha zamani. Mijadala ya leo kuhusu umeme wa jua na upepo inazungumza sana juu ya bei ya mtambo na kidogo mno juu ya maungio hayo. Nadhani hapo ndipo mipango mingi inapopotea.

Suala la bei limejibiwa kwa kiasi kikubwa. Seli ya kwanza ya sola yenye manufaa, iliyoonyeshwa na maabara ya Bell Labs ya Marekani mwaka 1954, iligeuza asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme. Tangu hapo, kila mara jumla ya paneli zilizowahi kutengenezwa duniani inapoongezeka maradufu, bei imekuwa ikishuka kwa takriban moja ya tano. Katika muongo wa 2010 peke yake ilipungua kwa karibu asilimia 90. Betri za lithiamu, zilizoingia sokoni mwaka 1991, zimefuata mteremko wa namna hiyo hiyo. Lakini kufikia mwisho wa 2023, miradi iliyokuwa kwenye foleni ya kuunganishwa na gridi nchini Marekani ilizidi gigawati 2,000, kiasi kikubwa kuliko mitambo yote ya umeme iliyokuwa ikifanya kazi nchini humo. Tuseme ukweli, foleni hiyo ina hewa ndani yake: mwekezaji mmoja huomba nafasi sehemu tatu ili ajenge moja. Hata ukiitoa hewa hiyo, kinachobaki ni kikubwa.

Kwa nini foleni haisogei? Kila ombi lazima lichambuliwe: umeme utapita wapi, laini zipi zitazidiwa, hitilafu ikitokea mkondo utakuwa mkubwa kiasi gani, na je, vikata umeme vilivyopo vitaweza kuukata. Majibu hutegemea miradi iliyotangulia kwenye foleni. Mmoja ukijiondoa, hesabu za waliofuata zinaharibika na kazi inaanza upya, na gharama ya kuimarisha laini iliyokuwa igawanywe kwa watano inawaangukia wanne. Mmoja wao naye anajiondoa. Baadhi ya waendeshaji gridi sasa huchambua miradi kwa makundi na kudai amana kubwa mapema ili wasio na nia wajitoe, na hilo linasaidia. Kuna pia foleni nyingine nyuma ya hiyo, ya vifaa. Transfoma ya kituo kikubwa huwa na uzito wa mamia ya tani, hutengenezwa kwa oda kulingana na msongo na mahali itakapokaa, na kiini chake ni cha chuma maalumu cha silikoni kinachozalishwa na viwanda vichache. Miaka ya karibuni kusubiri miaka miwili hadi minne limekuwa jambo la kawaida, ilhali shamba la paneli hujengwa kwa miezi.

Ungio gumu kuliko yote halionekani kwa macho, kwa sababu ni huduma ambayo mitambo ya zamani ilitoa bila mtu kuilipia. Jenereta ya makaa, ya gesi, ya nyuklia au ya maporomoko ya maji ni chuma kizito kinachozunguka kwa hatua moja na jenereta nyingine zote za gridi, kama wapiga makasia wa mtumbwi mmoja. Kwenye gridi ya hezi 50, mkondo hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde; idadi hiyo ndiyo masafa ya gridi. Mtambo mmoja ukianguka, nishati iliyomo kwenye vyuma vinavyozunguka hutoka papo hapo kuziba pengo, navyo vinapunguza kasi kidogo. Hiyo ndiyo inesha. Hakuna anayebonyeza kitufe. Ni sheria ya mwendo inayofanya kazi yake.

Paneli haina chuma kinachozunguka. Umeme wake hupitia inveta, kifaa cha kielektroniki kinachougeuza uwe wa mkondo wa gridi, ambacho kwa aina iliyozoeleka husikiliza gridi na kuifuata. Mitambo mingi ya kisasa ya upepo nayo imetenganishwa na gridi kwa vifaa vya aina hiyo, hivyo uzito wa mapanga yake hausaidii wenyewe. Tufanye hesabu. Chukua gridi yenye nishati ya mzunguko ya megawati-sekunde 200,000, ipoteze ghafla megawati (MW) 1,000. Kasi ya kushuka kwa masafa ni pengo mara 50, gawanya kwa nishati hiyo mara mbili: hezi 0.125 kwa sekunde. Sasa funga jenereta nyingi mpaka zibaki megawati-sekunde 70,000. Pengo lile lile linaishusha gridi kwa karibu hezi 0.36 kwa sekunde. Kama hezi 48.8 ndiyo kiwango ambacho wateja huanza kukatiwa umeme moja kwa moja, bila mtu kuamuru, basi muda wa kujiokoa umepungua kutoka sekunde 9 na nusu hadi sekunde 3 na kitu. Mfumo wa akiba uliozoea kuamka baada ya sekunde 5 utafika na kukuta msiba umeshatokea.

Sikutoa 0.125 na 48.8 hewani. Alasiri ya tarehe 9 Agosti 2019, radi ilipiga laini moja ya msongo mkubwa kaskazini mwa London. Radi kama hiyo ni jambo la kila msimu, na laini ilijirudisha yenyewe. Lakini mitambo ya upepo ya baharini ya Hornsea ilipunguza uzalishaji ghafla, mtambo wa gesi wa Little Barford ukaanza kujizima, na pamoja navyo mitambo midogo iliyotawanyika kwenye laini za usambazaji ikajitoa. Mingi ya hiyo midogo ilikuwa na kinga iliyotegeshwa kuzima pale masafa yanapobadilika kwa kasi ya hezi 0.125 kwa sekunde. Enzi za vyuma vingi, kasi hiyo ilimaanisha jambo moja tu: kipande chako kimekatika kutoka kwenye gridi, jizime usije ukamuua fundi aliye juu ya nguzo. Kufikia 2019 gridi yenyewe, ikiwa nzima, iliweza kufikia kasi hiyo. Kinga ilifanya kile ilichoambiwa. Masafa yakagusa 48.8, na wateja zaidi ya milioni moja wakakatiwa. Umeme ulirudi chini ya saa moja baadaye, ila treni kadhaa za kisasa zilikuwa zimejifunga kwa sababu ya mpangilio wa programu zake, na baadhi zikasubiri fundi aje na kompyuta kuziwasha. Abiria walikwama kwa saa nyingi kuliko waliokuwa majumbani.

Kipimo hicho kimoja kilibidi kubadilishwa kuwa hezi 1 kwa sekunde idumu nusu sekunde, katika maelfu ya vituo, kwa mpango uliolipa wamiliki ili wakubali. Ujerumani iliwahi kukutana na ndugu wa tatizo hilo. Kanuni za mwanzo za sola ziliagiza kila inveta ijizime masafa yakipanda hadi hezi 50.2. Paneli zilipokuwa chache, hilo lilikuwa jambo la busara. Zilipofikia gigawati nyingi, maana yake ilikuwa kwamba siku ya jua kali masafa yakigusa 50.2, uzalishaji mkubwa kuliko akiba nzima ya dharura ya bara, ambayo ni MW 3,000, ungezimika kwa mpigo. Kuanzia 2012 mafundi walizungukia mitambo zaidi ya laki tatu, ama kubadilisha programu ili uzalishaji upunguzwe taratibu, ama kutawanya viwango vya kujizima ili visigongane. Mstari mmoja wa kanuni, ukiandikwa vizuri tangu mwanzo, ungeokoa safari zote hizo.

Australia Kusini ilipata somo chungu zaidi. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya laini za kilovolti 275, na katika muda wa dakika mbili volteji ikanywea mara sita. Mitambo ya upepo imeundwa kuvumilia mnyweo wa volteji. Iliyokuwa humo ilikuwa na kikomo cha idadi ya minyweo inayoweza kuvumilia ndani ya muda fulani, kisha inajipunguza ili isiumie. Kikomo hicho kilikuwa ndani ya programu, na mwendeshaji wa gridi hakukijua. Mashamba tisa ya upepo yalipunguza MW 456 kwa chini ya sekunde saba, laini inayounganisha jimbo na jirani yake ikavuta mkondo kupita uwezo wake, ikajikata, na jimbo zima likawa giza. Wanasiasa walibishana kama kosa ni la upepo au la dhoruba. Wahandisi walibadilisha vipimo vile, na mashamba yale yale yakaendelea kufanya kazi.

Tiba ya inesha nayo ilifika huko huko. Mwaka 2021 jimbo hilo lilimaliza kufunga mashine nne kubwa zinazofanana na jenereta isiyo na turbini: zinazunguka bila kuchoma kitu, zinashikilia volteji na kuchangia uzito wa mzunguko. Baada ya hapo mwendeshaji aliruhusu mitambo ya gesi iliyokuwa ikilazimishwa kuwaka saa zote ipunguzwe. Kuna pia inveta za kizazi kipya ambazo, zikiwa na betri nyuma yake, hujenga volteji na masafa zenyewe badala ya kufuata. Zinafaa, lakini inveta ina kikomo kikali cha mkondo, mara nyingi asilimia 10 hadi 20 tu juu ya kiwango chake cha kawaida, wakati jenereta ya chuma huweza kutoa mara kadhaa ya mkondo wake kwa muda mfupi hitilafu inapotokea. Vikata umeme vingi hutambua hitilafu kwa kuona mkondo umepanda mno. Gridi ikijaa inveta, hitilafu inaweza kupita bila mkondo kupanda vya kutosha, na kinga ikabaki imelala. Kwa hiyo hesabu za kinga lazima zirudiwe kituo kwa kituo. Hakuna mwanasiasa atakayekata utepe kwa kazi hiyo.

Hesabu ya ukubwa nayo huwapotosha wengi. Mtambo wa makaa wa MW 1,000 ukifanya kazi kwa asilimia 70 ya mwaka hutoa takriban gigawati-saa 6,130. Sola yenye wastani wa asilimia 20 itahitaji MW 3,500 kutoa kiasi hicho. Adhuhuri ya siku angavu, MW 3,500 zitataka kupita kwenye laini iliyojengwa kwa MW 1,000; jioni, watu wakirudi nyumbani, zitatoa sifuri. Ukiongeza betri ya saa nne yenye uwezo wa MW 1,000, umebeba megawati-saa 4,000 hadi usiku, ukipoteza asilimia 10 hadi 15 njiani kwenda na kurudi. Laini ile ile ya zamani sasa inafanya kazi mchana na usiku. Ndiyo maana kiwanja cha mtambo uliofungwa kina thamani kuliko majengo yake: kina laini, transfoma na haki ya kuunganishwa. Liddell nchini Australia, mtambo wa makaa uliofungwa Aprili 2023, eneo lake lilipangiwa betri ya MW 500. Saa nne, hata hivyo, hazivushi wiki mbili za mawingu bila upepo. Kwa hilo bado zinahitajika mabwawa, laini ndefu za kuvuka mipaka, au mitambo ya gesi inayolipwa kukaa tayari.

Hapo ndipo swali la cha zamani linaporudi. Cha zamani hakifi kwa ratiba. Edison alianza kuuza umeme wa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, mtaani Pearl Street, New York, mwaka 1882. Mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, ulishinda vita kati ya mikondo hiyo miwili kabla ya karne kuisha, lakini mteja wa mwisho wa mkondo mnyoofu mjini humo alikatiwa Novemba 2007. Lifti za majengo ya kale zilikuwa na mota zake, na kuzibadilisha kulimgharimu mwenye jengo, kwa hiyo kampuni iliendelea kuwahudumia wote. Duniani kote makaa yanaonyesha jambo hilo kwa ukubwa zaidi: mafuta, gesi na nyuklia viliingia kwa zamu, na bado makaa yaliyochomwa mwaka 2024 yalikuwa mengi kuliko mwaka wowote kabla yake, zaidi ya tani bilioni 8. Kwa miaka mingi vyanzo vipya viliongezwa juu ya vya zamani bila kuvitoa.

Waliofanikiwa kutoa walikuwa na maungio tayari. Uingereza ilipata karibu asilimia 40 ya umeme wake kutoka kwa makaa mwaka 2012, na mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ukazimwa tarehe 30 Septemba 2024. Ni miaka 12, na wengi huitaja kama ushahidi kwamba mtu akitaka anaweza. Anaweza, ila mitambo ya gesi ilikuwa imesimama ikisubiri kazi, mabomba yalikuwepo, matumizi ya umeme yalikuwa yakishuka, na kodi ya kaboni iliyoanza 2013 ilitosha kugeuza nani anawashwa kwanza. Nchi ambayo matumizi yake yanakua kila mwaka haiwezi kunakili ratiba hiyo.

Hata pale mtambo mpya unapoingia, faida yake inaweza kuchelewa kwa kizazi. Mwaka 1900 mota za umeme zilitoa chini ya asilimia 5 ya nguvu ya viwanda vya Marekani. Waliotangulia waliitoa injini ya mvuke, wakaweka mota moja kubwa mahali pake, na kuacha shafti ndefu, yaani mhimili wa chuma unaozunguka, na mikanda yake ikiendesha kila mashine. Walipata umeme, lakini kiwanda kilibaki cha mvuke: ghorofa nyembamba, mashine zilizopangwa kwa kufuata shafti, mkanda mmoja ukikatika wote wanasimama. Faida ilikuja kila mashine ilipopewa mota yake, jengo likawa la ghorofa moja, na mpangilio ukafuata kazi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 sehemu ya mota ilikuwa zaidi ya robo tatu. Bei ya umeme ya usiku na mchana iliyo sawa, kwenye gridi iliyofurika jua la adhuhuri, ni shafti ya zama zetu. Hita ya maji, pampu ya umwagiliaji na chaja ya gari vinaweza kuhama saa bila mtu kuumia, mradi mita na viwango vya bei viruhusu.

Kwa sababu hizi, tangazo la serikali la megawati zitakazofungwa kufikia mwaka fulani hunipa habari kidogo. Ningependa kujua transfoma ngapi zimeagizwa na lini zitafika, vipimo vya kinga vya inveta vimeandikwa wapi na nani anaweza kuvisoma, kiasi gani cha nishati ya mzunguko hakitaguswa mpaka mbadala wake ujaribiwe, na nani analipwa kwa kukaa tayari. Hayo yakijibiwa, megawati zitafuata zenyewe.

Gesi nayo inarudi pale ilipoanzia. Kuna wanaopendekeza kurudisha haidrojeni kwenye mabomba ya majumbani. Ukichanganya asilimia 20 kwa ujazo, vifaa vingi vinavumilia, lakini kwa kuwa haidrojeni hubeba chini ya theluthi moja ya nishati ya methani kwa ujazo ule ule, umepunguza methani kwa asilimia 7 tu ya nishati. Ukitaka haidrojeni tupu, mwali unakimbia kurudi ndani ya kichomeo, na kila nyumba inahitaji vipuri vipya, mtaa kwa mtaa, na vali za kuutenga. Kilowati-saa moja ya umeme ikigeuzwa haidrojeni kisha ichomwe kwenye boila hufika kama joto la karibu 0.6, pampu ya joto, mashine inayovuta joto la nje na kulisukuma ndani, ikipewa kilowati-saa hiyo hiyo huingiza joto la 3. Fundi atapita mlangoni kwa vyovyote vile. Mimi ningemtuma na pampu.